Nchi Nzima, Isipokuwa Shambani kwa Mama

Siku ile ningependa kuisahau, mwanangu, lakini nakuandikia kwa sababu najua nawe utasimamishwa siku moja mbele ya mwavuli wa rangi kali, spika ikipiga muziki, kijana mwenye fulana mpya akikuuliza unatumia mtandao gani. Nakuita mwanangu ingawa mvi bado sina. Aibu niliyoipata imenizeesha ya kutosha.

Wakati huo nilipanga chumba kimoja Kibaoni, hapa Ifakara, nikishona nguo. Baba alikwisha fariki. Nilibaki na mama tu, naye kila msimu wa mpunga alihamia shambani, mbele ya kijiji cha Mofu, akakaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia mpunga, miezi kadhaa kama wafanyavyo watu wetu. Mpunga ukianza kutoa masuke mtu haondoki. Anafukuza ndege tangu jua linachomoza mpaka linazama. Kila siku saa kumi na moja jioni nilimpigia. Hatukuwa na habari kubwa. Aliniuliza nimekula nini, nikamdanganya, akajua nimemdanganya, tukaagana. Saa nyingine zote za siku sikuwa na wa kuzungumza naye zaidi ya kuwauliza wateja vipimo vya kiuno.

Mimi ni mtu wa kuhangaika. Shule sikufika mbali, kwa hiyo ninachojua nimejifunza mwenyewe, na kila mara naogopa kwamba nimekosea. Vifurushi vya simu vilipopanda bei nilichukua daftari nikapiga mistari kwa rula: mtandao huu dakika ngapi, ule ngapi, za siku, za wiki. Mstari mmoja ulipinda, nikachana ukurasa na kuanza upya. Mwishowe mtandao mmoja ukaishinda mingine yote kwa mbali. Nilijivunia jedwali lile kuliko gauni lolote nililowahi kushona.

Mama alipokuja mjini mara moja kununua chumvi, ndege akimwachia jirani, nikampeleka kwenye mwavuli. Tukaweka alama za vidole, tukapewa laini mpya, yeye na mimi.

“Na kule shambani inashika?” mama aliuliza.

“Mama yangu, kwani shamba lako liko nchi gani?” yule kijana akamjibu kwa sauti ya kusikika na wapita njia. “Hii ni nchi nzima! Utaongea mpaka uchoke wewe, dakika hazichoki!”

Watu wakacheka. Mwanangu, nami nilicheka. Mama akaweka khanga yake sawa. Laini zetu za zamani nikazikata kwa mkasi wangu wa kazi, nisije nikashawishika kuzirudia.

Kesho yake alirudi shambani. Jioni nikapiga: namba haipatikani. Siku ya pili, hivyo hivyo. Nikarudia kujumlisha kwenye daftari kana kwamba kosa lilikuwa huko. Siku ya nne nilianza kufikiria mto, nyoka, homa. Dakika zangu zilikuwa tele, zikingoja tu kuisha muda wake. Nikapiga huduma kwa wateja, nikiwa na hamu ya kusikia sauti ya mtu. Ilikuwa sauti ya kurekodiwa, ikanieleza kuhusu ofa mpya.

Siku ya sita nilifunika cherehani, nikapanda pikipiki mpaka Mofu, kisha nikatembea, maji yakinifika magotini.

Nilimkuta mama amekaa chini ya dungu, mguu umevimba, umefungwa kitambaa. Aliteleza kwenye ngazi siku ya pili tu. Jirani yake wa shamba, Mzee Kalimba, alikuwa akifukuza ndege wa mashamba yote mawili, sauti imemkauka. Nikamwamkia.

“Marahaba. Kwani ulikufa lini wewe?”

Sikuelewa.

“Mama yako alinipa namba yako, ile anayoijua kichwani. Nimepiga na simu yangu mpaka vidole vinauma. Haipo! Hiyo mpya imo ndani ya simu yake, na simu imejimaliza chaji kwa kutafuta mtandao usiofika huku. Mwenzio amelia siku tatu, na hakuulilia mguu.”

Nikaanza kumweleza habari za jedwali. Akanikatiza.

“Umewauliza wanaouza wote. Sisi tunaokaa huku ulimuuliza nani?”

“Mwache, Mzee,” mama akasema. “Alitaka tuongee sana.”

Maneno ya mama ndiyo yaliyoniumiza zaidi.

Tulizirudisha namba zetu za zamani, na mguu ulipona, ingawa anachechemea. Hajawahi kunilaumu. Lakini tangu siku zile, nikimpigia hupokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, nami najua alikuwa ameishika simu mkononi.

Mwanangu, linganisha bei, wala usione aibu kutumia daftari. Ila anza na mtu unayempigia: anakaa wapi, huko kunashika mtandao gani, na umuulize mwenyewe. Ukiona maandishi makubwa, tafuta yale madogo chini yake: dakika ni za kwenda wapi, saa zipi, zinaisha lini. Wakilicheka swali la mama yako, usiondoke pale mpaka lijibiwe. Na namba ambayo mzazi wako anaijua kichwani usiitupe kamwe, hata kama huiwekei salio.

Mungu akujalie mtu wa kumpigia kila jioni. Na siku akikutafuta yeye, akupate.