Mawe Niliyoyaacha Barabara ya Murera

Mwanangu, kuna Jumamosi moja ambayo nikiikumbuka hata leo, na uzee huu wangu, moyo unanienda mbio. Ilikuwa siku ya harusi yangu, na nusura niikose kwa kosa la mkono wangu mwenyewe. Vuta kiti, maana hii nikiianza siwezi kuiacha katikati.

Siku hizo nilikuwa dereva wa lori la mawe ya kujengea. Tuliyatoa kwenye machimbo ya upande wa Juja na kuyashusha Ruiru, ambako kila mtu alikuwa akijenga nyumba za kupangisha. Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilikuwa napanda mlima kwenye barabara ya vumbi ya Murera, injini ikachemka na lori likakataa kwenda. Nikafanya wanavyofanya madereva wote wa kwetu: nikatupa matawi mabichi barabarani ili watu wajue kuna gari limekwama, kisha nikatoa mawe manne makubwa kwenye mzigo nikayakaza nyuma ya magurudumu, lori lisirudi chini. Injini ilipopoa nikatia maji, lori likanguruma, nikaondoka.

Mawe nikayaacha palepale. Niliyaona kwenye kioo, usidhani sikuyaona. Lakini kinyozi alikuwa ananingoja Ruiru, suti ilikuwa bado kwa fundi, na mimi nilikuwa naimba peke yangu mle ndani kwa furaha. Nikajiambia mwenye macho atayakwepa.

Kesho yake nikawa nimesimama mlangoni mwa kanisa, viatu vinang'aa, shingo inawasha kwa wembe. Pasta alikuwa ameshatuambia ana harusi nyingine Thika, kwa hivyo saa sita na nusu angefunga Biblia na kuondoka, bibi harusi awepo asiwepo. Saa tano simu ya msimamizi wangu wa harusi ikalia. Gari la Nyambura, bibi harusi wangu, lilikuwa limepata pancha mbili kwa mpigo kwenye mlima wa Murera, na tairi la akiba lilikuwa moja tu. Sikungoja ushauri. Tulitoa tairi lingine kwenye gari la binamu yangu, tukalitupa kwenye buti ya msimamizi, tukaondoka kwa kasi ambayo wewe sikuruhusu uendeshe nayo.

Tuliwakuta kando ya barabara. Nyambura alikuwa amesimama kwenye nyasi ameshika gauni lisiguse vumbi, na cucu yake, yule nyanya aliyemlea, alikuwa ameketi ndani ya gari na mlango wazi. Wajomba wa Nyambura walikuwa wameshafunga tairi la kwanza na sasa wanalizunguka gari wakifoka. Katikati ya barabara yalikuwa mawe yangu manne, na pembeni matawi yangu yamenyauka. Jiwe moja lilikuwa limepasuka, ukingo wake mkali kama panga, na hilo ndilo lililokata matairi.

"Hawa watu wa lori ni watu bure kabisa," mjomba mmoja akasema. "Mtu anaachaje mawe kwa barabara hivi?"

Na mimi unajua nilisema nini? Nilisema kwa sauti kuliko wote, "Mtu kama huyo anyang'anywe leseni." Hata nikatema mate chini. Kisha nikachuchumaa na tairi la pili, nikaanza kukaza nati huku nimeinamisha uso.

Nyambura akaja akasimama karibu yangu. Akawa anaitazama spana mkononi mwangu. Jasho lilinitoka, na halikuwa la jua. Niliwaza: dakika chache zijazo nitasimama mbele ya Mungu nimwahidi huyu msichana kwamba sitamficha neno. Spana ikaanza kuniteleza mkononi, nikasimama.

"Hayo mawe ni yangu," nikasema. "Niliyaacha jana."

Wajomba wote wakanigeukia. Niliogopa, sikufichi. Niliona wazi wajomba wakimgeuza bibi harusi arudi nyumbani na mimi nirudi Ruiru na suti yangu.

"Basi acha hiyo spana," cucu akasema kutoka ndani ya gari. "Hao wengine watamaliza. Wewe toa mawe."

"Cucu, saa zimeisha," msimamizi akamwambia. "Pasta anaenda."

"Akienda tutatafuta mwingine. Mtoto wa mtu akipita hapa na baiskeli, huyo tutamtafuta wapi? Toa mawe yote, na mtu asimsaidie."

Nikayabeba moja moja na suti yangu mpya mpaka ng'ambo ya mtaro. Kisha tukakimbia. Tuliingia kanisani zikiwa zimebaki dakika nne, pasta ameshakunja joho lake mkononi. Akanitazama nilivyojaa vumbi, akalivaa tena bila swali, na akina mama wakapiga ngemi, vile vigelegele vya kwetu, mpaka mabati yakalia.

Miaka mingi baadaye ndipo mke wangu aliponiambia. Aliniona nikibadilika uso mara tu niliposhuka garini, akajua. Alikuja kusimama karibu yangu ili azihesabu zile nati. Alikuwa amejiapia kwamba nikikaza ya mwisho bila kusema, angepanda gari na kurudi kwao. Nilisimama zikiwa zimebaki mbili.

Kwa hivyo nakuomba, mwanangu, ukiweka kitu barabarani kikusaidie, kiondoe kabla hujaondoka, hasa siku ile una furaha, kwa sababu furaha inatufanya tujione tuko peke yetu duniani. Na ukigundua kosa ni lako, sema wewe kwanza, hata kama wakwe wote wamekuzunguka. Anayekupenda huenda tayari anajua, anangoja tu kuona wewe ni mtu wa namna gani. Mungu akutangulie kila uendako, akupe ujasiri wa kusema "ni mimi", na wote wanaokuja nyuma yako wafike salama.