Mjusi Aliyekwama Bombani

Wanafunzi walimwita Bi Nyaya, wala hakuchukia. Mfukoni mwa koti lake hamkukosekana vipande vya waya, na mara nyingi alipotafuta kalamu ya kusahihishia kazi zao alitoa koleo. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Yeye ndiye aliyeongoza utafiti wa roboti katika chuo kile, na chumba chake kilikuwa cha mwisho kabisa kwenye ujia wa chini, palipokuwa stoo ya viti vibovu kabla hajapewa.

Idara ilikuwa na wahadhiri tisa: wanaume wanane, na yeye. Hawakuwa watu wabaya. Walimpisha mlangoni, walimwita mama, walimsifu mikutanoni. Kisha saa saba ikifika walitoka pamoja kwenda kula, vicheko vyao vikififia ujiani, na hakuna aliyekumbuka kugonga mlango wa mwisho. Mwaka wa kwanza alidhani wamepitiwa. Kufikia mwaka wa kumi na tisa alikuwa akila mezani kwake, anasogeza mota na gia kando ili sahani ipate pa kukaa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Yeye aliona taabu kubwa zaidi ni kukosa wa kuzoeana naye.

Dada yake mkubwa alimpigia simu kila wiki.

"Mdogo wangu, hayo mabati yako ndiyo yatakayokuzika?"

"Ndiyo, dada. Nayafundisha kuchimba."

Dada alicheka hadi akakohoa. Simu ilipokatika, chumba kilikuwa kimya kuliko kabla haijalia.

Kazi iliyomshughulisha miaka ile ilikuwa roboti ndogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, iliyotambaa ndani ya mabomba ya maji ikitafuta nyufa kwa kamera. Wanafunzi waliibatiza Mjusi. Chuoni ilipita kwenye mabomba ya majaribio bila wasiwasi.

Kila Jumamosi alifundisha wasichana wa sekondari kutengeneza roboti. Mwanzoni walikuja kumi na mmoja, wakabaki saba, kisha watatu. Siku moja mama mmoja alikuja kumchukua bintiye, akaangalia meza iliyojaa vyuma, akamwangalia mwalimu.

"Na wewe mwenyewe una watoto wangapi?" aliuliza, kwa upole kabisa.

Bi Nyaya hakuwa na mtoto. Alimsaidia yule binti kufunga begi lake.

Akabaki mmoja tu, msichana wa miaka kumi na sita aliyelelewa na bibi yake. Wenzake walimwita Kimya, na jina lilimfaa. Alikuja saa tatu asubuhi, akaning'iniza sweta nyuma ya mlango, akaanza kazi. Walikuwa wakimaliza asubuhi nzima kwa maneno ishirini. Bi Nyaya alijikuta anaisubiri Jumamosi kuanzia Jumatatu, ingawa hakumwambia mtu.

Wiki tatu kabla ya Mjusi kujaribiwa kwenye bomba la kweli, Kimya aliweka bisibisi chini.

"Mwalimu, springi za miguu zinabana mno. Kwenye kona atashindwa kujikunja."

"Nimeshapiga hesabu za hizo springi," Bi Nyaya alijibu bila kugeuka. "Kaza hiyo skrubu."

Kimya akakaza.

Siku ya jaribio walikusanyika mtaani kando ya shimo la bomba: wahandisi watatu wa maji, mkuu wa idara, Bi Nyaya, na Kimya aliyeshika kebo. Mjusi aliingia. Kwenye kioo cha kompyuta waliona kutu, matope, maji kidogo. Mita kumi, ishirini, arobaini. Ikaja kona. Picha ikatikisika, ikatulia, haikusogea tena.

Walimvuta kwa kebo kama watu wanaovuta ng'ombe mbishi. Alitoka miguu miwili imevunjika.

"Huyu mjusi ameota mizizi," mhandisi mmoja alisema. Wote wakacheka.

"Tatizo ni nini?" mkuu wa idara aliuliza.

Bi Nyaya angeweza kusema kutu, na hakuna ambaye angebisha. Alimtazama Kimya aliyekuwa anakunja kebo, macho chini. Akakumbuka alipokuwa mtafiti kijana, na sauti iliyomwambia mbele ya watu: hesabu zimeshapigwa, binti.

"Springi," alisema. "Zinabana mno. Huyu binti aliniambia wiki tatu zilizopita, nikamwambia akaze skrubu."

"Huyu? Mtoto wa sekondari?"

Wote wakageuka kumwangalia Kimya. Kebo ilikuwa imeshakwisha kukunjwa, naye akaikunjua, akaanza upya.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ya pili yake. Bi Nyaya alivumilia hadi saa nne, akafunga chumba, akaenda kumtafuta nyumbani.

"Wewe ndiye yule wa mabati?" bibi yake alimlaki. "Karibu, mwanangu. Yuko nyuma anaanua nguo."

Alimkuta na shuka begani. Bila kuulizwa, Bi Nyaya akashika upande wa pili, wakaikunja pamoja.

"Umenikasirikia?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi kuna nini?"

Kimya alilinganisha pembe za shuka. "Walivyoniangalia. Kama vile nimeiba kitu." Akachukua shuka nyingine. "Wewe wanakuangalia hivyo kila siku?"

"Zamani. Siku hizi hawaniangalii kabisa," alisema Bi Nyaya. "Na hilo nalo si zuri."

Yalikuwa maneno aliyokuwa hajamwambia hata dada yake. Walimaliza kamba nzima, hawakurudia habari hiyo.

Jumamosi iliyofuata Kimya alikuja na mchoro wa springi mpya nyuma ya daftari la hesabu. Ilichukua miezi sita. Mjusi alipita ile kona, akaenda hadi mwisho wa mtaa, akapata nyufa tatu. Ripoti ilitoka na majina mawili, na wapo waliomshauri Bi Nyaya, kwa nia njema, kwamba moja lingetosha. Alikataa.

Mwaka uliofuata binti alifaulu, akapata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo cha mbali sana. Bi Nyaya alimsindikiza hadi kituo cha basi, akamnunulia maji ya njiani, akarudi. Darasa la Jumamosi lilipata wasichana wapya wanne, wachangamfu, wenye kelele. Aliwafurahia. Lakini mara kwa mara aliinua kitu ili amwonyeshe mtu, akakuta mkono uko hewani na hajui amkabidhi nani.

Mchana mmoja simu ililia.

"Mwalimu, darasani tulikuwa wasichana wawili," Kimya alisema. "Mwenzangu ameacha juzi."

Bi Nyaya alitaka kumwambia yatapita. Akaweka koleo chini.

"Uko wapi sasa?"

"Kwenye ngazi, nje ya darasa. Wavulana wamekaa kule chini."

"Sitakudanganya, mwanangu. Kunauma, na kutaendelea kuuma. Kaa hapo na simu yako. Na mimi niko hapa."

Bi Nyaya aliiweka simu mezani, akaendelea kuunga nyaya, na binti kule alisikia koleo likikata. Dakika zikaenda. Kisha kengele ikalia upande wa pili, na miguu mingi ikapita karibu na simu.

"Naingia, mwalimu."

"Ingia."