Ngamia wa Matope

Wanawake wa soko la Rhamu walimwachia Rukiyo watoto wao kila asubuhi, naye aliwapeleka moja kwa moja mtoni. Hakuwa na cheti cha ualimu. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati kilichowaka joto kama tanuri, na nyuma ya mashamba, ukingoni mwa mto Daua, kulikuwa na msitu mdogo wenye kivuli na tope tele. Mwenye akili zake angechagua nini?

Pale watoto walichafuka mpaka masikioni. Walifinyanga ngamia, wakawajengea mazizi ya miiba, na kila mmoja akawachora wake ubavuni chapa ya ukoo kwa kijiti, kama alivyomwona babu yake akifanya kwa chuma cha moto. Mama zao walipolalamikia ufuaji, Rukiyo aliwaambia nguo hufuliwa ikatakata, ila utoto ukipita umepita. Walicheka wakaenda zao. Mamba walikuwepo mtoni, hilo ni kweli, na ndiyo maana hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuyasogelea maji.

Siku moja manyunyu yalilivamia zizi la Siham, binti wa miaka sita, na ngamia wake wote wakarudi kuwa tope. Alilia kwa kwikwi. Hamze, aliyecheza jirani naye na ambaye ni wa ukoo mwingine, alimtazama, kisha akabeba ngamia wake watatu akawaingiza kwenye zizi lile.

"Kamua hawa," alimwambia. "Wako wakizaa, utanirudishia."

Hakuna aliyemfundisha. Ndivyo wafugaji wa kwao wanavyofanya mwenzao akimalizwa na ukame: humkopesha ngamia wa maziwa mpaka asimame tena. Rukiyo alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kwa siku ile moja alijiona mwalimu.

Adhuhuri Salah, babake Hamze, alikuja kumchukua mwanawe. Akaiona chapa ya ukoo wake katika zizi la mtoto wa watu aliogombana nao juu ya kisima.

"Unawafundisha watoto wizi wa ngamia?"

"Si wizi, walaal, ndugu yangu. Mwanao amemkopesha mwenzake aliyefilisika."

Rukiyo alidhani maneno hayo yangempoza. Yalimtia moto.

"Wale hawakopeshwi," alisema Salah, na akawakanyaga ngamia watatu kwa kiatu chake, Hamze akitazama.

Kesho yake alimleta ofisa wa msitu, mgeni asiyejua Kisomali, ikabidi wazungumze Kiswahili.

"Huyu mama anabeleka mtoto ya watu msituni," Salah alishtaki. "Mamba iko, nyoka iko. Mtoto narudi chafu."

"Mama, hii ni ardhi ya serikali," alisema ofisa. "Bila kibali ni kosa."

"Na lori ya makaa inabita hapa kila siku," Rukiyo aliuliza, "hiyo iko na kibali?"

Ofisa aliangalia viatu vyake, kisha akamkataza kuwaleta watoto msituni. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa Rhamu ulikata upande mmoja tu, na miti iliyobaki ukawaachia wenye malori.

Wale mama waliokuwa wakicheka sasa walisema wazi: watoto wakae ndani ya ua wa chumba chake, au watawaondoa. Rukiyo hakuwa na kazi nyingine, akakubali, na aliuchukia mdomo wake uliokubali. Salah alijitolea saruji ya kusakafia ua wote, akapigiwa makofi.

Watoto sasa wanarudi nyumbani safi. Wa ukoo huu hukaa ukuta huu, wa ukoo ule ukuta ule, na Hamze hamtazami tena Siham. Hakuna aliyewapanga hivyo.

Juzi Rukiyo alimkuta Siham amechuchumaa pembeni, amekusanya vumbi la sakafuni, analitemea mate na kulifinya. Kila alipoinua shingo ya ngamia, ilivunjika.

"Eddo, wa Hamze walikuwa watatu," alisema bila kuinua uso, akimwita shangazi kama watoto wote. "Nitamrudishia nini?"

Mama zao walikuwa wanakaribia kufika, basi Rukiyo akachukua ufagio, akamwambia mtoto asogee, akalifagia lile vumbi.