Ng'ombe Walisubiri Tiki ya Pili

Simu yangu ndiyo iliyonikalisha kwenye kikao cha wanaume. Isingekuwa simu, siku ile ningekuwa jikoni na wenzangu nikisonga ugali wa wageni, na maneno yote ningeyapata baadaye yakiwa yameshachujwa. Lakini simu ya baba ni ya vitufe, inajua kupiga na kupokea basi, na mdogo wangu wa kike alikuwa mbali baharini, kwenye meli ya watalii, anakosafisha vyumba na kutandika vitanda vya wazungu. Njia pekee ya kumpata ilikuwa ujumbe wa mtandao, na aliyekuwa na simu ya kuutuma ni mimi. Kwa hiyo baba zangu wadogo, ambao hawajawahi kuniomba ushauri hata wa mbuzi, walinivutia kiti.

Nyumbani kwetu ni Gorong'a. Wageni walitoka upande wa Nyamongo, ambako kijana aliyetaka kumwoa mdogo wangu anafanya kazi mgodini. Tulikuwa tumekubaliana waje binti akirudi likizo. Wakaja kabla. Walikuwa wamesikia kwamba anafikiria kuongeza mkataba wa melini, wakaona bahari itawazidi ujanja. Wakaja na ng'ombe wao, wakawasimamisha nje ya lango la zizi, miti ya lango ikiwa bado imefungwa.

Kwetu, ng'ombe wa mahari wakishakanyaga ndani ya zizi la baba wa binti, mambo yamekwisha. Binti ni mke wa watu, awe jikoni au awe ng'ambo ya dunia. Kuwatoa tena ni ugomvi wa ukoo mzima. Ndiyo maana kabla hawajaingia, binti huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama waingie. Binti mwenye adabu hajibu. Huinamisha kichwa, huchezea pindo la kanga yake, na wazee husema amekubali. Anayetakiwa kufungua mdomo ni yule tu anayekataa. Hivyo ndivyo alivyoolewa bibi yetu, na mama yetu, na mimi.

Mshenga wao, mzee mwenye sauti ya upole, alisalimia vizuri na kusifu boma letu. Kisha akaleta jambo ambalo hatukuwa tumelisikia: binti akimaliza mkataba huu, asirudi tena melini. Mke hakai majini. Baba alikohoa, akanigeukia, akasema nimuulize.

Nikaandika. Nikamweleza kwamba wamekuja leo, kwamba ng'ombe wako langoni, kwamba wanataka aache meli, na kwamba baba anauliza kama wafunguliwe. Ujumbe ukaondoka na tiki moja ya kijivu, maana yake umetoka kwangu lakini haujamfikia.

Kusema kweli sikujua angejibu nini. Yule kijana alimpenda, hilo nalijua, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikisumbuliwa na sifa zake. Lakini kazi nayo aliipenda. Alinitumia picha za bandari ambazo sitazifikia maishani, na picha ya viatu vyake vya kazi, akiandika kwamba miguu inawaka moto ila ni miguu yake mwenyewe. Alishanifafanulia pia kwamba meli ikiwa katikati ya bahari, wafanyakazi hununua bando la humo humo, nalo linakwisha kabla hujamaliza salamu. Kwa hiyo huonekana hewani baada ya zamu tu, au meli ikitia nanga. Tiki moja isinitie wasiwasi, alisema. Siku ile ilinitia.

Tukasubiri. Maneno ya mvua na mahindi yakaisha. Ng'ombe wakaanza kusukumana, na vijana waliowaswaga wakawa wanapiga miluzi ya kuwatuliza. Kila mara mshenga aliniuliza kama amesema lolote, nami nikijibu bado. Nikamweleza habari ya tiki. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mtoto anayeota ndoto kwa sauti.

Mwishowe baba mdogo, yule mkubwa wao, akachoka.

"Binti ameulizwa?"

Nikasema ameulizwa.

"Amejibu?"

Nikasema hajajibu.

"Basi amekubali. Fungueni."

Nilidhani anatania. Nikawatazama mmoja mmoja, nikaona vichwa vinaitikia, na mshenga anatabasamu kwa amani kabisa. Hapakuwa na hila pale. Waliamini kweli, na hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mtu mwenye hila unaweza kumuaibisha, lakini hawa walikuwa wamesikia kimya cha adabu walichokizoea, nao walifurahi kwamba meli haikumharibu binti yao. Mti wa kwanza wa lango ulikuwa umeshavutwa.

Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka tu nimesimama langoni, ng'ombe mwekundu ananipumulia kifuani, na simu nimeishika juu.

"Tata," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita baba, "huyu hajanyamaza. Hajasikia."

Baba akaniambia nitoke pale, nisimtie aibu mbele ya wageni. Baba mdogo akasema kunyamaza ni kunyamaza tu. Nikapandwa na hasira ambayo sikujua nimeiweka wapi miaka yote hiyo.

"Mimi mliponiuliza nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Mkasema nimekubali. Huyu mtamsubiri afungue mdomo."

Mume wangu alikuwa amekaa palepale, kwenye benchi la wakwe, miguu ameikunja. Nilimwona akitazama chini. Ningeweza kuyarudisha maneno yale, ningeyarudisha, lakini yalikuwa yameshatoka na kila mtu ameyasikia.

Baba alinitazama. Kisha akawaambia vijana warudishe mti mahali pake, tunasubiri. Alisema kwa shingo upande, lakini alisema. Nami nikabaki langoni nikitafuna midomo, kwa sababu sasa hofu ilikuwa nyingine: je, akijibu ndiyo? Nitakuwa nimevunja heshima ya nyumba mbili, na ya ndoa yangu, bure.

Jua lilikuwa limeshapoa tiki ya pili ilipotokea. Zote mbili zikageuka bluu, yaani ameusoma. Nikaona anarekodi sauti, akaacha, akarekodi tena. Baba akaamuru niifungue kwa sauti kubwa, wote wasikie.

"Tata, shikamoo," ikasema simu, nyuma yake mashine zikinguruma.

"Marahaba," baba akaijibu, na hakuna aliyecheka.

"Sijakataa kuolewa, Tata. Nakataa kuolewa nikiwa sipo. Wasubiri nirudi, waniulize mwenyewe. Na meli siachi kwa kuambiwa."

Baba aliomba niirudie. Nikairudia. Kisha akamwambia mshenga kwamba amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na kwamba ng'ombe wanyweshwe maji kwanza kabla ya safari. Wageni walikula kidogo, kwa adabu, wakaondoka na mifugo yao. Mshenga aliaga kila mtu isipokuwa mimi.

Mimi na mume wangu tukapanda pikipiki kurudi Sirari, tunakoishi. Tulipofika kwenye kilima akasimama, akazima injini, akauliza bila kugeuka.

"Siku ile, ungejibu nini?"

Nilikuwa kidato cha tatu siku ile. Nikamwambia ningeomba nisubiriwe nimalize shule.

Alikaa vile vile, mikono kwenye usukani.

"Ningekusubiri," alisema.

Akawasha pikipiki. Nililia nyuma ya mgongo wake mpaka tukafika Sirari, naye hakusimama tena.