Viazi Walivyokula Panya

Shigeno Uragami alitunza panya wa maabara yetu mjini Hiroshima kwa miaka kumi na tisa, nami niliosha vizimba. Panya hao walipandikizwa chembe za ini la binadamu, maana virusi vya homa ya ini aina ya C havishiki ini la panya, kisha wakaambukizwa kwa damu ya wagonjwa. Mwaka mmoja damu hiyo ilikuwa ya Kiyoharu, mume wa Shigeno, aliyeambukizwa shuleni utotoni, sindano moja ya chanjo ilipochoma darasa zima. Matibabu ya hospitali yalikuwa yamemshinda. Ilibaki dawa mpya tu: ikifuta virusi vyake kwa panya, angeingizwa kwenye majaribio ya watu.

Kila vuli tunawafanyia ibada wanyama waliokufa mikononi mwetu, tukiweka maua, ubani na chakula mbele ya jiwe lao la ukumbusho. Shigeno alileta viazi vitamu vilivyokaushwa. Alikuwa na huruma iliyoniudhi siku zote.

"Wafu tunawapa viazi," akaniambia, "hawa wazima tunawashindilia pumba."

Wiki nzima akawamegea panya viazi hivyo. Dawa ilikuwa ndani ya zile pumba, zilizopimwa kwa gramu. Walioshiba viazi waliziacha. Shigeno akazitupa, akaandika kwamba wamemaliza. Niliona, nikanyamaza, na sijajisamehe.

Virusi havikupungua. Daktari Kuwahara, aliyeongoza majaribio, akasema dawa haifai, panya wote wakauawa. Hapo ndipo Shigeno alipokiri, ameinama hadi paji la uso likagusa meza. Daktari hakufoka wala hakumfukuza; heri angefoka. Alisema kupata panya wengine wenye maini ya watu ni miezi minane. Kiyoharu alikuwa amepewa mitatu ya kuishi.

Nilimsindikiza Shigeno kwenda kumwambia mumewe. Tumbo lilikuwa limemjaa maji, macho ya manjano. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama watoto, kwa hiyo dawa inafanya kazi au haifanyi?"

"Hatujui."

"Basi waambieni waje wachukue damu nyingine."

"Hutakuwepo, baba."

"Najua. Waje kesho."

Tulimzika Februari. Mwezi wa kumi virusi vyake vilifutika kwa panya wapya wote tisa. Hakuna aliyehitaji kumpa Shigeno habari hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha.