Mifupa Mizito

Harufu ya dawa ya bwawa la kuogelea humpokea mtu kabla hajafika mlangoni. Kingsbury, upande wa London nilikokulia, ilichanganyika na harufu ya bajia kutoka maduka ya Wagujarati, kwa hiyo kila Ijumaa darasa letu lilipopelekwa kuogelea nilifika nikiwa na njaa. Wenzangu waliingia majini. Mimi niliketi kando na sweta yangu, kwa sababu Mama alikuwa amemwambia mwalimu kwamba nina mafua. Wiki iliyofuata nilikuwa nayo tena. Mafua hayo yalidumu majira yote ya baridi, hadi wenzangu wakanibandika jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Kamasi.

Mama alizaliwa Kitui, kwenye mito inayokaa mikavu karibu mwaka mzima, kisha siku moja maji yanashuka kwa kishindo ilhali pale ulipo halijadondoka hata tone. Maji hayo yalimchukua dada yake walipokuwa wakichota maji kwenye mchanga wa mto. Hakupenda kulisimulia jambo hilo. Basi Ijumaa moja mwalimu wa bwawa, kwa nia ya kunifariji, aliniambia nisijali, watu weusi wana mifupa mizito na hawaelei. Nilipofikisha habari hiyo nyumbani, Mama, ambaye hakukubaliana na Waingereza juu ya chochote, kuanzia chai yao hadi malezi yao, alikubaliana na huyu papo hapo. "Umesikia? Hata Mwingereza mwenyewe amesema."

Bi Zuhura, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke mnene wa Mombasa mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, aliyapata hayo alipokuja kunywa chai.

"Mifupa mizito? Na mimi je, Mama Mueni? Hebu nitazame. Wajua mimi naelea?"

"Wewe ni mtu wa pwani. Mmezaliwa majini."

"Nimezaliwa hospitali. Kwetu msichana kuingia baharini ilikuwa aibu, bahari nikiiona dirishani tu. Kuogelea nimejifunza hapahapa, na watoto watatu nishazaa. Jumapili ni zamu ya wanawake. Njoo utazame, kutazama hakumlowanishi mtu."

Mama alikwenda, nami nikiwa naye, ili amshinde kwenye ubishi. Bi Zuhura aliingia majini na suruali na fulana ndefu, akalala chali, tumbo likachomoza juu, akaendelea kumsengenya mwenye nyumba yetu kana kwamba yuko kwenye kochi. "Anaongea," Mama aliniambia kwa sauti ya chini. "Amelala juu ya maji, na anaongea." Kisha akanivua sweta mwenyewe. Nilikuwa nimevalishwa nguo ya kuogelea ya binti wa Bi Zuhura, imenipwaya. Nikaingia majini, kiganja cha Bi Zuhura kikawa chini ya mgongo wangu, akaniambia nihesabu taa za darini. Mama alitembea ukingoni sambamba nasi, koti mwilini, mkono umenyooka tayari kunidaka. Mlinzi alimwambia avue viatu. Akavivua, akaendelea kutembea. "Nishamwachia zamani, mama," alisema Bi Zuhura. Kusikia hivyo nikameza maji, nikakohoa, na Mama akapiga magoti kwenye vigae, lakini hakuniita nitoke. Nyumbani alisema tu, "Mwambie mwalimu umepona."

Tangu hapo nimehamahama sana: Glasgow, Doha, Durban, na kila mji nilitafuta bwawa kabla ya kujua soko liko wapi. Sasa nimerudi Kingsbury. Ukutani pale bwawani pana picha za vijana weusi wakicheka majini, mapokezi wanauza kofia kubwa za kufunika misuko, na kocha wa Jumamosi ni kijana wa Kikongo. Enzi zetu hakukuwa na lolote kati ya hayo. Hata hivyo, watoto wetu wanaobaki wakavu bado wapo. Juzi nilimsalimu kwa Kiswahili binti mmoja aliyesimama na begi begani. Alinielewa, akajibu kwa Kiingereza kwamba hapendi maji. Alipokuwa akisema alimwangalia mama yake, aliyejibanza karibu na mlango, mbali na bwawa kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Sikumbembeleza binti. Nilimwendea mama yake, tukasalimiana, nikamuuliza kwao wanaogopa maji yapi.