Bawa Jekundu la Ebenezeri

Kwa miaka kumi na moja Ebenezeri alisubiri mkewe, Kornelia, aseme kwamba spoila ya gari lake inapendeza. Wengine walikuwa wameshasema, ama kwa kuipenda kweli ama kwa kuogopa kucheleweshewa magari yao, maana Ebenezeri ni fundi bodi mwenye gereji mjini Moshi, na hasira zake zinajulikana. Kornelia hakuwa na gari gereji, kwa hiyo alisema alichokiona.

"Gari zuri, umelibebesha meza," alisema siku ile ya kwanza, na hakuwahi kupunguza neno.

Lilikuwa gari la michezo, jekundu, la milango miwili. Shamir wa duka la vipuri alimuuzia baada ya kupata mapacha. Spoila, yaani lile bawa la nyuma, Ebenezeri alilitengeneza mwenyewe kwa bati zito: pana, limeinuka juu ya miguu miwili, limepigwa rangi mara nne. Ukimuuliza linasaidia nini, atakueleza habari za upepo kukandamiza gari barabarani. Usimwamini. Barabara ya kupanda kwao Machame kutoka Kwa Sadala ina kona na ng'ombe, na gari lile halijawahi kuona mwendo wa kuhitaji upepo. Bawa lilikuwa la urembo tu, naye alijua. Mwenyewe alishikilia kwamba gari la michezo bila spoila ni sawa na bwana aliyevaa suti na kandambili.

Kornelia alikuwa akianika maharage juu yake.

Kasheshe ilianza binti yao wa pekee, Kindness, alipokaribia kuolewa. Tangu binti akiwa darasa la kwanza, Ebenezeri alikuwa ameapa kwamba siku ya harusi atampeleka kanisani yeye mwenyewe, kwa gari lake.

"Baba, nitapanda kwa moyo wote," Kindness alimwambia. "Ila lile bawa litoke. Picha za harusi zinakaa ukutani maisha. Sitaki wajukuu wako waulize kama nilishuka kwenye ndege."

"Wajukuu watalipenda."

"Kamati imeshapata gari jeupe la kukodi. Chagua, baba."

Ebenezeri alinuna siku tatu. Aliwagombeza kuku wasio na kosa. Ijumaa asubuhi, harusi ikiwa kesho yake, alichukua spana akalegeza bolti ya kwanza, halafu akaikaza tena. Roho ilimuuma. Maisha yake yote alikuwa amenyoosha mabati yaliyopondwa na wengine, na bawa lile ndilo kitu pekee alichotengeneza kwa sababu alikitaka. Mara akamsikia Kindness ndani akijaribu shela, akicheka na mama yake. Kesho kutwa kicheko kile kitakuwa kwenye nyumba ya watu.

Akafungua bolti zote nne. Alilifunga bawa kwa khanga safi, akaliegemeza kwenye migomba nyuma ya nyumba, akaziba matundu na kuyapaka rangi. Jumamosi alimpeleka binti yake kanisani, akitazama kioo na kuona barabara tupu nyuma, baridi ikimpiga kisogoni.

Ukumbini, wakati wa ndafu ulipofika, watu walisimama. Hakuna harusi ya Machame bila ndafu, yule mbuzi mzima aliyebanikwa, na sharti aingie amesimama kama aliye hai, majani mdomoni. Huyu aliingia amesimama vizuri kuliko wote waliowahi kuonekana. Alikuwa amesimama juu ya spoila.

Ebenezeri aliruka kutoka kitini.

"Wilson! Umefanya nini?"

Wilson, mchoma ndafu, alimtazama kwa heshima kubwa. "Shikamoo, mzee. Mama aliniambia ubao wa kumsimamishia mbuzi uko kwenye migomba. Nikakuta hii imefunikwa khanga. Nikasema, huyu kweli ni mzazi! Mbuzi wa binti kamtengenezea na meza yake!"

Ukumbi ulilipuka vigelegele. Simu zote zilipiga picha. Ebenezeri akakaa.

Maharusi walipoanza kuwalisha wazazi, Kindness alimletea baba yake kipande, macho yamemjaa machozi.

"Baba, limeingia kwenye picha hata hivyo."

"Nisamehe, mwanangu."

"Wewe ndiye unisamehe. Sikuamini kama ungelitoa."

Ebenezeri alilia mbele za watu, akasingizia pilipili, na nyama haikuwa na pilipili. Hapo Kornelia akamwinamia sikioni.

"Linapendeza."

"Mbuzi?"

"Bawa, mume wangu. Lilikuwa limekosa mbuzi tu."

Jumatatu Ebenezeri alitoka mapema na spana yake, akizunguka gari anapiga mluzi. Bawa halikuwepo. Akamfuata Kornelia zizini, alikokuwa akikamua.

"Jirani Bernadetha kalichukua," Kornelia alisema bila kuinua kichwa. "Anaoza binti Jumamosi. Wapo wengine wawili wanasubiri."

"Umempa mtu bawa la gari langu?"

"Nimemwazima meza ya ndafu."

Ebenezeri aliisukumiza spana mfukoni.

"Mwambie ukingo mwembamba ndio mbele," alisema. "Na mbuzi aangalie huko huko. Likibebwa kinyume linapoteza sura."